Miche ya Nyanya Chini ya Migomba ya Gertrude

Safu ya wasomaji. Anayejibu ni Bi Rayhana wa Kaloleni, Voi.

Mpendwa mshauri Bi Rayhana,

Salamu kutoka Bomeni, Taveta, na pole kwa kazi ya kusoma shida za watu ambao hata huwajui. Najua wanaokuandikia wengi ni wa mambo ya ndoa, na mimi ukiniuliza shida yangu si ya ndoa, ni ya shamba, lakini kila nikijaribu kuieleza kama ya shamba najikuta nimemtaja mke wangu, kwa hivyo naomba unisome mpaka mwisho halafu uamue mwenyewe ni ya nini. Majina nimeyabadilisha. Mke wangu nitamwita Gertrude, jirani yangu nitamwita Ndulu, na mimi niite Sylus.

Nakuandikia nikiwa nimesimama. Karatasi nimeiweka juu ya pipa la maji hapa uani kwa sababu tangu wiki iliyopita siwezi kukaa, nikikaa miguu inacheza yenyewe, chai nakunywa nikizunguka nyumba, simu naishika kila saa kuuliza watu wa Mombasa nyanya ni ngapi leo, na Gertrude ameniuliza kama nina malaria. Nikamwambia labda.

Shamba letu ni la maji ya mfereji na si kubwa. Lina vipande viwili, na hakuna mahali tuliandikiana, ni vile tumezoea tu, kwamba kipande cha juu ni changu na kile cha chini, kinachozunguka nyumba mpaka barabarani, ni cha migomba, na migomba ni ya Gertrude. Alipokuja hapa akiwa bibi arusi kutoka Wundanyi mama yangu alimpa machipukizi machache ili awe na kitu chake, na yeye akayaendeleza, akawa anahamisha, anapogoa, anaweka mbolea ya mbuzi, mpaka ukipita barabarani hujui kama kuna nyumba ndani. Kila Jumatano na Jumamosi anapeleka mikungu sokoni. Kile anachopata si kikubwa, na ndizi zikishuka bei anarudi ameinamisha uso, lakini hakuna siku amerudi mikono mitupu, na karo ya msichana wetu Valentine huko Voi imetoka humo, nakuambia ukweli.

Mimi upande wangu ni hadithi nyingine. Mwaka ule kitunguu kiliposhika bei nilijaza kitunguu kipande chote, na nilipovuna kila mtu alikuwa amevuna, na malori yalikuwa yameingia na kitunguu kingine kutoka Holili, ng'ambo ya mpaka, tukabaki tunabembeleza mabroka, hao madalali wa sokoni, nikauza kwa hasira, nikasema kitunguu mimi na wewe basi. Nikahamia tikiti kwa sababu tikiti lilikuwa linanunuliwa hata kabla halijaiva, na msimu wangu ulipofika matikiti yalikosa mnunuzi yakaishia kuliwa na ng'ombe, na kibaya zaidi mwezi huo huo kitunguu kilipanda tena kwa sababu watu wengi walikuwa wamekiacha kama mimi. Nikaingia pilipili hoho. Hoho nayo nilipofika ilikuwa imeshachoka kuuzwa, na juu ya hayo ikashikwa na mnyauko, ikalala chini. Gertrude alisimama pale kwa mpaka akaangalia, akasema, "Baba Valentine, hili shamba lako hata halijui linaitwa la nini." Alisema akicheka, lakini liliniingia.

Sasa kuja kwa nyanya. Zile mvua kubwa zilipopita ziliharibu nyanya za watu wengi huku, na Jumatano moja niko sokoni nikaona mabroka wawili wameshikilia kreti moja, huyu anavuta huku na huyu kule, na mwenye kreti amesimama pembeni anangoja mshindi. Mwenye kreti alikuwa ni Ndulu. Sijui Ndulu alifanyaje mvua ikapita nyanya zake zikabaki, lakini sasa ana pikipiki mpya na mabati mapya, na akipita hapa kwangu lazima apige honi hata kama nimempa mgongo.

Siku hiyo hiyo nilirudi na pakiti za mbegu nimezificha kwenye soksi, maana mtu akikuona umetoka duka la pembejeo na mbegu za nyanya kesho yake kijiji kizima kinapanda. Nikatengeneza kitalu katikati kabisa ya migomba, mahali pa kivuli ambapo mpita njia haoni, nikafunika na majani. Gertrude anajua kuhusu kitalu. Anajua kwa sababu yeye ndiye anayekinyunyizia maji asubuhi mimi nikiwa nazunguka na simu. Anachofikiri ni kwamba miche itaenda kipande changu cha juu. Amesema tu kwamba inaonekana ni mingi, na mimi nikashika simu tena.

Bi Rayhana, haiwezi kwenda juu. Afisa wa kilimo alipita akaniambia ule mnyauko wa hoho umebaki kwenye udongo, nyanya ikifuata hapo itakufa kifo kile kile, nipumzishe kipande na mahindi au maharagwe. Hilo sikumwambia Gertrude. Mahali pengine penye maji na udongo mzuri ni mahali pamoja tu, na ni pale chini ya migomba.

Jumapili hii baada ya kanisa Gertrude anasafiri kwenda kwao Wundanyi. Dada yake Tryphena amejifungua na yeye ndiye atakayemtunza mpaka apate nguvu. Nimeshaongea na binamu yangu Ronald, ana vijana wa majembe, waje Jumatatu mapema wang'oe visiki vyote, tulime, tupande, na Gertrude akirudi akute mistari ya nyanya imenyooka, na nikishauza nimnunulie chochote anachotaka, hata kama ni mashine ya kushona. Nilijiambia kuomba msamaha ukiwa na pesa mkononi ni rahisi kuliko kuomba ruhusa ukiwa huna kitu. Nilikuwa nimetulia kabisa na mpango huo.

Halafu juzi mbuzi wetu alikata kamba akaingia kwa jirani mwingine, nitamwita Mwandawiro, ni mzee wa kanisa letu, mtu asiye na maneno mengi. Nikamfuata mbuzi ndani ya migomba ya mzee na huko katikati, mahali pa kivuli, nikaona kitalu kimefunikwa majani, kikubwa kuliko changu mara mbili. Nikainua jani, nikaona miche ya nyanya. Kuinua macho, mzee amesimama hapo na jembe. Tukaangaliana.

"Hiyo ni kabeji," akasema.

"Kabeji nzuri," nikasema, nikamchukua mbuzi wangu nikaenda.

Tangu hapo ndiyo sina amani kabisa. Nilimpigia Ronald nikamwuliza kama vijana wanaweza kuja Jumapili jioni badala ya Jumatatu, kwa sababu nikichelewa Mwandawiro atanitangulia sokoni na bei ataikuta yeye. Ronald akaniuliza mbona naongea kama mtu anayekimbizwa.

Na jana Gertrude alinishika mkono akanizungusha kwa migomba yake, akanionyesha mikungu itakayokuwa tayari akiwa hayupo. Ameifunga vitambaa vyekundu ili nisikosee, nikate hiyo tu, nimpe mama fulani amuuzie. Akasema, "Nakuachia migomba yangu, Baba Valentine, usiiache ikae na kiu." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilisema hivyo, mama, na maneno yalitoka vizuri kabisa.

Sasa naomba msaada wako. Miche imerefuka, haiwezi kungoja. Bei iko juu leo, na mkulima ambaye anaona bei iko juu na hafanyi kitu si ni mjinga? Lakini niking'oa, sijui. Nikimwambia atakataa, hilo najua. Nisipomwambia nitakuwa nimefanya kwa ajili yetu sote, au siyo? Nijibu haraka, hata kwa ufupi.

Ni mimi, Sylus, ambaye si Sylus,
Bomeni.

Bi Rayhana ajibu:

Sylus usiye Sylus, kaa kitako kwanza. Kaa hata juu ya hilo pipa. Barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine zilizotangulia, na wanaogombana na mawifi zao watanisamehe, kwani wifi atakuwepo wiki ijayo na miche yako haitakuwepo.

Nikutetee kidogo kabla sijakugombeza. Umeniuliza kama mkulima anayeona bei imepanda asifanye kitu ni mjinga. Hapana budi afanye kitu, mwanangu. Kitu kikipanda bei wenye kukizalisha hukiongeza, kikishuka hukipunguza, na hivyo ndivyo sisi wa mjini tunavyopata kula bila kumpigia mtu magoti. Kama wakulima wa Taveta wangeziba masikio bei inapoita, hapa Voi tungekuwa tunatafuna mawe. Kwa hiyo masikio yako hayana ubaya. Wala tamaa sikuoni nayo sana, nakuona una kijicho na ile honi ya Ndulu, na kijicho ni maradhi ya kila nyumba.

Kosa lako ni kudhani ile bei ya Jumatano ilikuwa ikizungumza nawe. Ilikuwa ikizungumza na Ndulu. Ilimwambia, asante kwa kuwa na nyanya leo wakati wenzako hawana. Je, Ndulu alizipanda lini? Alizipanda wakati nyanya hazina mwenyewe, wakati wewe upo kwenye hoho unakodolea macho bei nyingine. Bei unayoiona sokoni ni majibu ya mambo yaliyofanywa miezi iliyopita, na mvua iliyonyesha miezi iliyopita. Wewe waichukua kama ahadi ya miezi ijayo. Nani alikuahidi? Broka? Broka akikuahidi jambo la mwezi wa tatu kutoka sasa, mwombe akuachie pikipiki yake kama rehani, uone atakavyokumbuka safari ya dharura.

Sasa nikufungulie kidogo meza yangu bila kumtaja mtu. Barua yako si ya kwanza. Mama mmoja wa Kitobo ataka nimfundishe jinsi ya kumlainisha shemeji yake ampe kipande cha kulima nyanya. Kijana wa Mboghoni ataka kuuza ng'ombe wa babake anunue pampu ya maji, kwa ajili ya nyanya. Mwingine wa huko huko kwenu, mtu mzima na mcha Mungu kwa mwandiko wake, ameniuliza kama ni dhambi kubwa au ndogo kumwambia jirani kwamba nyanya ni kabeji. Huyo nitamjibu kwa faragha.

Hao ndio waliokosa usingizi mpaka wakashika kalamu. Waliolala vizuri na vitalu vyao chini ya migomba siwajui idadi, na wewe huwajui, na hapo ndipo penye shida. Nyote mliiona bei moja, siku moja, mkanunua mbegu zile zile na kuzificha kwenye soksi. Siri ya kijiji kizima si siri tena, ni mkutano usio na mwenyekiti. Na miche iliyoanza pamoja huzaa pamoja. Itafika Jumatano mtakutana wote pale sokoni na kreti zenu, na yule broka uliyemwona akivuta atakuwa ameweka mikono nyuma, anapita taratibu kama mgeni rasmi.

Na usisahau sisi wanunuzi. Unadhani nyanya zilipopanda mimi nilifanyaje? Niliacha kuzinunua. Mchuzi wa samaki nikautia ukwaju, kachumbari nikaikata embe mbichi, na ndugu yangu Abdulbasit, mlaji mgumu kupita wote, hajalalamika hata siku moja. Wako wengi kama mimi. Bei ikipanda huwaita wakulima na huwafukuza walaji, vyote kwa wakati mmoja, na wewe ulisikia ule wito peke yake.

Tazama pia nani ana mbio na nani hana. Broka hubadili biashara kwa simu moja: asubuhi nyanya, mchana vitunguu. Mwenye nyanya huhitaji miezi. Mwenye mgomba huhitaji mwaka na zaidi tangu chipukizi mpaka mkungu. Mwenye mguu mzito hashindani mbio na mwenye pikipiki, hukaa mahali pake akajua pikipiki itapita hapo tena. Wewe mguu wako ni mzito na kila msimu waingia mbioni, wafika wenzako wanakunja mkeka. Kitunguu umekiacha kikapanda. Hukukiacha kwa sababu kilikuwa kibaya, ulikiacha siku ile kila mtu alipokiacha, na kwa kuwa kila mtu alikiacha ndipo kikawa adimu. Umeyaandika hayo kwa mkono wako mwenyewe, halafu ukapita juu yake ukaendelea na tikiti.

Na hao wote wenye vitalu, watapanda wapi? Si kila mtu ana kipande cha ziada. Wako watakaofanya hilo unalotaka kulifanya, watang'oa migomba. Basi ndizi za mwakani zitatoka kwa nani? Sikuapii kwamba zitakuwa dhahabu, mimi si mtabiri na sipendi waongo. Lakini najua kwamba visiki vikishatoka, bei ya ndizi ikipanda hata kesho, huwezi kuvirudisha kwa wiki mbili. Utaanza na machipukizi ya kuomba kwa watu.

Hayo ni ya shamba. Uliniambia niamue mwenyewe shida yako ni ya nini, nami nimeamua.

Nilipofika pale uliposema Gertrude ndiye anayeinyunyizia miche maji, niliiweka barua chini nikaenda kuosha vyombo, na vyombo vilikuwa safi. Nimekasirika, na sitaki kukuficha. Huyo mwanamke anabeba maji kila asubuhi kuwanywesha wale watakaomfukuza. Na wewe umesimama pembeni na simu, waongea na Mombasa.

Niambie kitu kimoja. Kitunguu kilikupa hasara, tikiti likakupa hasara, hoho ikakupa hasara, na Valentine hakurudishwa nyumbani kwa karo. Ilikuwaje? Ni ile mikungu ya Jumatano na Jumamosi, ile unayosema si kitu kikubwa. Wewe uliweza kujaribu na kuanguka na kujaribu tena kwa kuwa nyuma yako palikuwa na mtu ambaye hakuwa akijaribu chochote, alikuwa akipogoa majani tu. Ndizi zikishuka bei hupungukiwa, lakini hakosi. Sasa wataka kukata lile tawi unalokalia wakati unafikia tunda. Nyanya zikikubali, sawa, utanunua mashine ya kushona. Zikikataa, mwaka huo mtakula nini, na Valentine atasoma kwa karo ipi? Swali hilo hukuniuliza, nadhani kwa sababu jibu lake unalo.

Na hilo la kuomba msamaha ukiwa na pesa mkononi ni rahisi kuliko kuomba ruhusa, nani kakufundisha? Mtu mwenye hakika na mpango wake huufanya mchana mke wake akiwepo. Wewe umengoja dada wa watu ajifungue.

Basi sikiliza utakavyofanya, na ufanye leo.

Mpigie Ronald. Mwambie vijana waje hiyo Jumatatu kama mlivyopatana, maana wameshaitegemea kazi, lakini waende kipande cha juu. Wakulimie hapo, utie maharagwe kama afisa alivyokuambia, udongo upone. Migomba wasiiguse hata kwa kuegemeza majembe.

Miche usiitupe. Leo hapo Taveta nyanya zina bei, lakini kuna kitu kingine chenye bei ambacho wewe unacho tayari na hukukitazama, nacho ni miche yenyewe. Kila mtu anataka kupanda nyanya, na si kila aliyeficha mbegu kwenye soksi anajua kulea kitalu, vingine vitaoza shina, vingine vitaliwa na mbuzi kama wako. Yako imelelewa na Gertrude, lazima iwe mizuri. Jumamosi ibebe sokoni, uiweke kando ya ndizi zake, uiuze peupe. Atakayekuuliza bei ya nyanya itakuwaje wakati wa kuvuna, mwambie hayo uliyoyasoma hapa. Akishayasikia akanunua bado, ni mtu mzima na soksi zake. Bakiza michache ya jikoni, Gertrude akuonyeshe pa kuipanda.

Msimu ujao, kabla hujanunua mbegu yoyote, usiulize bei. Nenda duka la pembejeo, uulize ni mbegu gani zimekwisha haraka, na ni zipi zimekaa na vumbi. Zungukia jirani zako, waangalie wanang'oa nini. Chagua kitu kimoja ukae nacho misimu kadhaa, kikishuka na kikipanda, na kisiwe shamba zima. Hutatajirika kwa pikipiki mpya. Lakini utapata kukaa kwenye kiti.

Halafu Gertrude. Umwambie yote, na Ronald awemo, na mnyauko uwemo, na ile siku uliyosema asiwe na wasiwasi iwemo. Usidhani kule kubadilisha majina kumekuficha. Mwanamume wa Bomeni aliyetoka kitunguu akaingia tikiti akaingia hoho, mkewe ana migomba mpaka barabarani na dada aliyejifungua Wundanyi, huyo yeyote atamjua kabla ya kumaliza safu ya kwanza. Gazeti hili hufika kwenu Ijumaa. Jumamosi mkeo yupo sokoni, na wewe wajua wauza mahamri huyafunga kwa karatasi gani. Afadhali asikie kwa kinywa chako.

Atakasirika. Mwache akasirike, ni haki yake, na usimkatize kwa kujitetea. Huenda akasafiri bila kukuaga vizuri. Hilo unaweza kulivumilia, kuliko lile lingine.

Maana lile lingine mimi nimelitafakari tangu jana, nalo halinitoki. Gertrude ametoka Wundanyi, amechoka kwa kulea mzazi na kitoto kichanga, ameshushwa na bodaboda pale barabarani na mkoba wake. Tangu migomba yake ikue ikaificha nyumba, hajawahi kuiona akiwa barabarani. Siku hiyo angeiona kutoka mbali, yote, mlango na dirisha na nguo zako kwenye kamba, na wewe ukiwa umesimama uani huna pa kujificha. Asingehitaji mtu wa kumweleza kitu.

Mwambie leo, Sylus.